Umdhaniaye Ndiye

Kiswahili kina neno moja tu kwa mdudu huyu, nalo ni kipepeo. Ni neno lenye haki yake, kwani limezaliwa na kupepea, na anayelitamka huona ukuti wa mnazi, upindo wa kanga na bawa la mdudu vikifanya kazi moja katika upepo mmoja. Mbali na pwani, huko Ngara ambako mipaka ya Tanzania, Rwanda na Burundi yakutana, majirani wa ng'ambo ya mto humwita ikinyugunyugu, neno linalojirudia kama bawa linavyojirudia. Mshairi hapungukiwi na kitu kwa kuwa na jina moja. Akimtaja kipepeo katika ubeti, hapana msikilizaji anayemuuliza ni yupi. Lakini jina moja lina hila yake: hulishawishi jicho lione kitu kimoja palipo na viwili, na wahenga, waliokwisha kuyaona hayo, waliacha onyo fupi kwamba umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Vipepeo wawili wa nchi za maziwa makuu ni ushahidi wa onyo hilo. Wa kwanza wataalamu humwita Acraea encedon, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1758. Wa pili ni Acraea encedana. Huyu aliruka miaka mingi chini ya jina la mwenzake, hata mwaka 1976 Jacques Pierre, mtafiti wa Kifaransa, alipoonyesha kwamba waliodhaniwa kuwa mmoja ni wawili. Baina ya tarehe hizo mbili ipo miaka 218, na katika miaka yote hiyo mamia ya vipepeo hao walichomwa pini, wakapangwa katika masanduku ya kioo huko Ulaya, wakaandikiwa vibandiko kwa mwandiko mzuri, na vingine vya vibandiko hivyo vilisema uongo bila ya mtu yeyote kukusudia kusema uongo.

Ilikuwaje macho ya mabingwa yakapitwa? Sababu ni kwamba vipepeo hawa hawana vazi moja, wala hawana vazi la peke yao. Wapo wenye mabawa ya rangi ya chungwa na ncha nyeusi iliyokatwa na utepe mweupe. Wapo wa chungwa tupu, hawana ncha nyeusi. Wapo wenye weupe katika mabawa ya nyuma. Na wapo waliopauka hata wakakaribia kuwa weupe mwili mzima. Mavazi hayo yote yapo kwa encedon, na karibu yote yapo kwa encedana. Juu ya hayo, yamefanana na mavazi ya kipepeo wa tatu asiyekuwa ndugu yao wa karibu, Danaus chrysippus, ambaye mkaazi wa pwani amemwona mara nyingi akielea polepole juu ya magugu ya kando ya njia kana kwamba hana adui duniani.

Na kwa kweli adui zake ni wachache. Kiwavi wa Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe na kuihifadhi sumu yake mwilini, na jamii ya Acraea nayo hubeba kemikali zinazotoa sianidi. Ndege aliyemwonja mmoja hukumbuka uchungu, na tangu hapo huiogopa rangi. Kwa hiyo wenye sumu wote hufaidika kwa kuvaa sare moja, maana somo alilofunzwa ndege na mmoja huwaokoa wengi. Hapo ndipo fumbo lilipojificha. Ndugu hawa wawili hawakufanana kwa kuwa ndugu tu. Walifanana pia kwa kuwa wote wawili walikuwa wakimwiga mtu wa tatu. Ni kama washairi wawili wa mtaa mmoja walioishika bahari ya bingwa mmoja, vina vyao vikalingana na mizani zao zikalingana, hata msikilizaji wa mbali akaapa kwamba tungo zote ni za mtu mmoja.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Unguja, alifundisha miaka mitatu Biharamulo na baadaye akahamishiwa Ngara. Biharamulo ilimpokea kwa misitu ya miombo na njia nyekundu ziendazo upande wa Ziwa Viktoria. Ngara ikampokea kwa vilima vya majani, migomba, baridi ya asubuhi na mabonde yenye mafunjo. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya watungaji, ambamo mtoto alijifunza kuhesabu mizani kabla ya kujifunza kuhesabu fedha. Tabia hiyo ya kuhesabu hakuiacha bandarini. Alipokosa bahari ya kutazama, alitazama vipepeo, na alikuwa na daftari la mistari ambamo aliandika siku, mahali, rangi ya bawa na mmea aliotua mdudu.

Safu ya mwisho, ya mmea, hakuibuni yeye. Alifundishwa na bibi mmoja mkulima aliyekuwa akipalilia maharage karibu na uwanja wa shule. Bibi alikuwa aking'oa kongwe, lile gugu litambaalo lenye shina la majimaji na ua dogo la buluu lifungalo kabla ya jua kupanda sana. Mwalimu alimwamkia, kisha akamwuliza kwa nini haliachi likauke palepale shambani.

"Mwanangu," alijibu bibi, "hili ukilikata leo, kesho limeota miguu."

Ni kweli, kwani kipande cha shina la kongwe kikiguswa na udongo wenye unyevu hutoa mizizi upya. Bibi akanyanyua jani moja na kumwonyesha viwavi wenye miiba laini waliokuwa wakilitafuna. Akasema kwamba hao hawamsumbui, maana hawajui maharage. Chakula chao ni kongwe, na kwa sababu hiyo huwahesabu katika vibarua wake. Tangu siku ile mwalimu aliacha kuuliza kipepeo ni wa rangi gani kabla ya kuuliza amelelewa na mmea gani.

Jibu la bibi ndilo jibu la wataalamu. Kiwavi wa encedon hula kongwe na jamaa zake wa jenasi ya Commelina, mimea ya mashambani, viwanjani na kando ya njia. Kiwavi wa encedana hula Desmodium, mmea wa ukoo wa kunde, na hasa ile aina ipendayo kinamasi na kingo za mito. Mmoja ni mtu wa shamba, mwingine ni mtu wa bonde lenye maji. Waliokomaa wakikutana angani, jicho halina la kusema. Tofauti iliyo wazi imo katika viungo vya uzazi, ambavyo huchunguzwa kwa hadubini, na katika maisha ya utotoni, ambayo huchunguzwa kwa kuinama. Bibi hakuwa na hadubini, lakini alikwisha kuinama miaka mingi.

Yapo mengine yaliyofichika zaidi ya hayo. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, aliwahesabu vipepeo waliojulikana wakati huo kwa jina moja la encedon karibu na Kampala, akakuta majike wengi kupita kiasi. Habari yenyewe ilikuwa na mizizi ya zamani; kabla ya vita vya 1914, Lamborn aliyewafuga huko Lagos alikuwa amepata familia nzima za majike watupu. Ilichukua muda mrefu kujua sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Cambridge waliofanya kazi Uganda walithibitisha kwamba ndani ya vipepeo hao mnaishi bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye hurithiwa kwa mama tu, kupitia katika yai. Bakteria huyo hana faida na dume, kwani dume ni njia isiyo na mbele: hataga, wala hamrithishi mtu. Basi yai la dume hufa kabla ya kuanguliwa, na yai la jike huishi.

Hali hii imewakuta ndugu wote wawili. Katika baadhi ya sehemu za Uganda majike walipindukia asilimia 90 ya vipepeo wote. Dume akawa bidhaa adimu, na desturi zikageuka. Kwa wadudu wengi madume ndio wakusanyikao na kushindania majike. Kwa encedon wa mahali hapo majike hukusanyika makundi kwa makundi penye majani, wakazunguka na kungoja dume apite, na wengi huzeeka na kufa bila ya kuolewa. Anayeyatazama makundi hayo kwa mbali huona furaha ya vipepeo wengi. Anayejua habari zao huona kilio.

Jambo la ajabu kupita yote lilidhihirika mwaka 2003, Francis Jiggins alipochapisha uchunguzi wa nasaba za vipepeo hawa. Zipo nasaba ambazo kiumbe huzipokea kwa mama peke yake, sawasawa na bakteria huyo apokewavyo, kwa hiyo viwili hivi husafiri pamoja kama shehena na jahazi. Ilionekana kwamba bakteria wa encedon, pamoja na nasaba ya mama inayofuatana naye, alitoka kwa encedana. Maana yake ni kwamba katika zama ambazo kwa hesabu ya maumbile si za kale sana, majike wa upande mmoja walizaa na madume wa upande wa pili, na kizazi kile kikabeba ugonjwa kikauvusha mpaka. Ndoa yenyewe ilisahaulika. Mwili, rangi, chakula na tabia vilirudi kuwa vya encedon kabisa. Kilichobaki ni mama wa asili ya kinamasi, aliyejificha ndani ya mtoto wa shamba.

Kwa hiyo hukumu juu ya ndugu hawa haiwezi kuwa nyepesi. Anayesema ni wamoja amekosea, kwani kila mmoja ana chakula chake, makao yake na maumbile yake. Anayesema ni mbali na mbali naye amekosea, kwani wana damu iliyowahi kuchanganyika na msiba mmoja wanaoushiriki. Ukweli umekaa katikati, na kukaa katikati kunadai subira.

Ngara ni mahali ambapo mazungumzo ya namna hii hayawezi kufanywa kwa mzaha. Tarehe 28 Aprili 1994, watu waliokimbia Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, na katika muda wa saa 24 hivi wapatao 250,000 walikuwa wameingia wilayani, wakakaa Benaco na katika kambi nyingine zilizofuata. Nchi waliyoikimbia ilikuwa imejaa maiti za watu waliouawa kwa kutengwa katika makundi. Watu wale walikuwa na lugha moja, vilima vimoja, na desturi moja ya kumpokea mgeni. Kilichowatenga mlangoni mwa kifo kilikuwa mara nyingi ni neno moja katika kitambulisho, neno ambalo utawala wa Kibelgiji uliliingiza katika karatasi hizo miaka ya 1930. Wazee wa Ngara walioiona barabara ya Rusumo siku zile hawataki kusikia mtu akitumia elimu ya wadudu kuwaeleza wanadamu, nao wana haki. Binadamu wote ni spishi moja, na hilo halina mjadala. Ikiwa lipo funzo la kuvuka kutoka kwa mdudu kwenda kwa mtu, ni kwamba hata kwa vipepeo, ambao kweli ni wawili, ilihitajika miaka mingi ya uchunguzi kabla ya kutamka neno. Kwa wanadamu, ambao ni wamoja, karani alilitamka kwa mhuri.

Mwalimu alilijua hilo, na wanafunzi wake walilijua zaidi. Darasani walikuwamo Wahangaza, Washubi, Wasukuma na watoto wa ndoa zilizovuka mto. Alipowafundisha kulinganisha na kulinganua, kama mtaala ulivyotaka, hakuwapa watu wa kulinganisha. Aliwapa majani mawili, kisha mashairi mawili, kisha mabawa mawili yaliyookotwa. Kijana mmoja aliuliza iwapo kuna faida yoyote ya kujua kwamba hawa ni wawili, maana haliwi, hauuzwi, wala haumi.

"Ukiwa na mbuzi wawili ukadhani unaye mmoja," alimjibu, "siku mmoja akiibiwa utalala usingizi mzuri."

Katika jibu hilo ndimo ulimo uzito wote wa jambo hili. Kongwe haina shida. Mkulima akiikata yaota miguu, na shamba likipanuka nayo yapanuka. Encedon, basi, ana uhakika wa chakula kila mahali alipo mtu mwenye jembe. Encedana hana uhakika huo. Mmea wake hupenda bonde lenye maji, na bonde lenye maji ndilo linalotamaniwa wakati wa kiangazi, udongo wa kilimani unapochoka. Katika nchi zote zinazolizunguka Ziwa Viktoria vinamasi vimekuwa vikikaushwa kwa mboga, kwa mpunga, kwa matofali. Mkulima hana lawama, kwa kuwa watoto wake nao wanakula. Lakini kinamasi kikikauka na mmea ule ukatoweka, vipepeo wa chungwa wenye ncha nyeusi bado wataonekana kila siku juu ya maharage, na mpita njia atasema: hao hapo, hawajaenda popote. Mmoja atakuwa amekufa nyuma ya uso wa mwenzake, na msiba hautatangazwa kwa sababu hapana aliyeona pengo.

Wapenda ushairi wa visiwani hawahitaji kwenda Kagera ili wayafahamu haya. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Uchaguzi ule uliipa Afrika Mashariki lugha ya kuandikiana, nayo ni neema kubwa. Lakini pembeni mwa lahaja iliyochaguliwa walikuwapo ndugu zake: Kimakunduchi, Kitumbatu, Kipemba, kila kimoja na msamiati wake na namna yake ya kukifanya kitenzi kibebe wakati. Masikio ya wageni, na mara nyingine ya wenyeji wenyewe, yalivichukulia kuwa Kiswahili kilekile kilichotamkwa ovyo. Mtoto akisahihishwa shuleni aliacha neno la bibi yake bila kulilia, kwani aliambiwa kwamba analo lingine kama hilo. Hakuwa nalo. Lililofanana nalo lilikula mmea mwingine.

Njia ya kuviokoa vilivyofanana ni kuvipa majina, na majina mazuri hutokana na maisha ya kitu wala si sura yake. Kitabu kikubwa cha Jan Kielland juu ya vipepeo wa Tanzania, kilichotoka mwaka 1990, kimeandikwa Kiingereza, na majina ya ndani yake ni ya Kilatini. Mkulima wa Ngara na mvuvi wa Mkokotoni wote wawili wako nje ya mlango wake. Mwalimu aliandika katika daftari lake majina mawili ya kuanzia: kipepeo-kongwe kwa yule wa mashambani, na kipepeo-bonde kwa ndugu yake wa kinamasini. Hakuyapeleka popote. Aliyatumia tu na wanafunzi, nao wakayatumia kwa urahisi ambao majina ya kweli huwa nao.

Jambo moja aliwakataza. Hawakuruhusiwa kuandika jina lolote kati ya hayo mawili kwa kumwona kipepeo akiruka tu. Ilibidi waone mmea, yai au kiwavi. Vinginevyo waandike kipepeo, neno la zamani, ambalo halikosei kwa kuwa halidai mengi. Kurasa nyingi za daftari, kwa sababu hiyo, zina neno hilo moja tu mbele ya tarehe na mahali: Biharamulo, njia ya msituni, Ngara, chini ya migomba, ukingo wa Ruvubu, mto uingiao katika Kagera karibu na Rusumo na kuungana na maji yaendayo Ziwa Viktoria. Safu ya mmea imeachwa wazi. Wazi ile si upungufu wa daftari. Ni nafasi aliyowekewa wa pili, kiti kilichotolewa barazani kwa mgeni ambaye uso wake unajulikana lakini jina lake halijaulizwa bado.